Tisa haina kanuni: uchambuzi wa kisa cha swali la sayari, Lubumbashi

Kisa chenyewe ni kifupi. Fainali ya mashindano ya maswali kati ya shule za sekondari, ndani ya ukumbi wa parokia hapa Lubumbashi. Zimebaki kadi chache na timu mbili ziko bega kwa bega. Msomaji anatoa kadi ya sayansi: "Kuna sayari ngapi?" Zamu ni ya timu ya Katuba. Kapiteni wao, msichana wa mwaka wa tano, anajibu bila kuwauliza wenzake: nane. Juri wanageuza kadi. Nyuma imeandikwa 9. Swali linapita kwa timu ya Kampemba, wanasema tisa, wanapata pointi, na pointi hizo ndizo zinazowapa kombe.

Kabla swali halijapita, yule kapiteni alijaribu kujitetea: "Mwalimu, Pluto ilitolewa tangu 2006." Mwenyekiti wa juri akamjibu kwenye mikro: "Ilitolewa ikapelekwa wapi, mama?" Ukumbi mzima ukacheka, na baada ya kicheko kama kile hakuna juri anayerudi nyuma.

Mwalimu wa Katuba, mama mmoja mtulivu ambaye watu hukosea kumdhania mpole, aliandika rufaa ya nusu ukurasa. Kocha wa Kampemba akajibu kwa kurasa mbili. Mjumbe mmoja wa juri, mwanajiolojia aliyefanya kazi migodini miaka mingi, naye akaongeza barua yake bila kuombwa. Waandaaji wakanitafuta mimi kwa sababu nafundisha fizikia na sina mwanafunzi katika timu yoyote. Nilisoma faili, nikatoa maoni kwa mdomo. Hapa nayaandika kwa urefu, kwa maana swali hili linarudi kila mwaka shuleni na kila mwaka linaamuliwa kwa kelele. Shule sizitaji.

Kadi yenyewe ninayo mezani. Ni kipande cha kartoni kilichokatwa kwenye farde (jalada la karatasi) kuukuu, maandishi ya kalamu ya buluu, na ile 9 imepigiwa mstari mara mbili. Haitaji Jua wala mwaka, wala haisemi jibu limetoka kitabu gani. Aliyeiandika alikuwa na uhakika, na kwa kweli alikuwa na haki ya kuwa nao: vitabu vilivyochapwa kabla ya 2006 bado vinatolewa fotokopi mjini hapa, na humo sayari ni tisa.

Hoja zilizokuwa mezani

Katuba walikuwa na hoja moja: Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliamua mwaka 2006, huko Prague, kwamba sayari za Jua ni nane. Basi.

Kocha wa Kampemba alileta tatu, na nilimwambia uso kwa uso kwamba angefaa kuwa wakili. Kwanza, waliopiga kura Prague walikuwa wachache, na sayansi haiendi kwa kura. Pili, kanuni yenyewe ni dhaifu, kwani inadai sayari iwe imesafisha njia yake, wakati hata Mshtarii, kubwa kuliko zote, ina maelfu ya mawe inayozunguka nayo. Tatu, kadi haikutaja Jua. Kama tunahesabu sayari zote zinazojulikana, nane ni kosa vilevile; na majibu yote mawili yakiwa makosa, basi tubaki na kadi.

Mwanajiolojia hakujali kura wala kadi. Aliandika kwamba ameziona picha za Pluto, ina milima, ina tambarare za barafu, ina hewa nyembamba juu yake, na kitu chenye milima kinamtosha kukiita sayari.

Nilianza kwa njia ya kizamani. Nilichukua kila kanuni ambayo wataalamu wamewahi kuipendekeza kwa uzito, nikaiuliza inatoa namba gani. Matokeo yalinishangaza kidogo. Ipo kanuni inayotoa nane, ipo inayotoa kumi na mbili, ipo inayopita mia. Inayotoa tisa sikuiona. Kila ninachosema hapa chini kinatokana na hilo.

Tisa ilitoka wapi

Tarehe 18 Februari 1930, kwenye kituo cha kutazama anga cha Lowell huko Flagstaff, Arizona, kijana wa miaka 24 aitwaye Clyde Tombaugh alikuwa analinganisha picha mbili za sehemu moja ya anga zilizopigwa Januari kwa tofauti ya siku chache. Nyota zote zilikaa mahali pake isipokuwa nukta moja. Hiyo ndiyo Pluto. Kituo kilikuwa kinawinda sayari kubwa iliyodhaniwa kuivuta Uranusi na Neptuni, kwa hiyo kilichopatikana kikapokewa kama kile kilichotafutwa. Makadirio ya mwanzo yaliipa Pluto masi, yaani wingi wa maada yake, ya kukaribia Dunia.

Kisha makadirio yakaanza kushuka, muongo baada ya muongo. Mwaka 1978 James Christy aligundua kwamba Pluto ina mwezi, Charon. Ukishajua mwezi unazunguka kwa umbali gani na kwa muda gani, masi unaihesabu, hukisii tena. Hesabu ikaonyesha kitu kidogo mno: leo tunajua kwamba ingehitajika Pluto zaidi ya 450 kufikia masi ya Dunia. Mwezi wetu wenyewe unaizidi Pluto zaidi ya mara tano.

Mbona haikutolewa hapo hapo? Kwa sababu haikuwa na majirani. Kitu kidogo kikiwa peke yake gizani, hakuna anayesumbuka kukiainisha upya. Majirani walianza kuonekana 1992, David Jewitt na Jane Luu walipoona mwili mwingine mdogo wa angani ng'ambo ya Neptuni, wakiwa Mauna Kea, Hawaii. Baada yao ikawa mvua: mamia, halafu zaidi ya elfu. Eneo hilo linaitwa Ukanda wa Kuiper, na Pluto imo ndani yake.

Mtu akisema tisa ni ya asili na haiguswi, mimi humpeleka kwenye kisa cha Ceres. Giuseppe Piazzi aliiona kutoka Palermo tarehe 1 Januari 1801, kati ya Mirihi na Mshtarii, ikaingizwa kwenye orodha ya sayari. Wakafuata Pallas mwaka 1802, Juno 1804, Vesta 1807. Mwanafunzi wa Ulaya wa mwaka 1840 alifundishwa sayari kumi na moja, na Neptuni bado haijaonekana! Kuanzia 1845 vikaanza kupatikana vingine palepale, kila baada ya muda mfupi, hadi wanaastronomia wakachoka kuongeza orodha. Vikapewa namba za mfululizo, vikawa asteroidi, yaani mawe madogo yanayolizunguka Jua. Hakukuwa na mkutano wala kura. Ceres ilikuwa sayari kwa karibu nusu karne, na leo sijakutana na mtu anayeililia.

Hiyo ni nusu ya jibu langu kwa hoja ya kwanza ya kocha. Orodha ilishawahi kupunguzwa bila kura, kwa sababu ileile: ulichodhani ni mmoja kumbe ni mmoja wa kundi.

Kwa nini walipiga kura, basi

Nusu ya pili ni ya kiofisi, na ndiyo ninayoipenda zaidi. Januari 2005 Mike Brown, Chad Trujillo na David Rabinowitz, wakipitia picha za kituo cha Palomar za mwaka 2003, waliona mwili wa mbali sana ulioonekana kuwa mkubwa kama Pluto au kuipita. Walitangaza Julai. Sasa, ndani ya Umoja wa Wanaastronomia, sayari hazipewi majina na kamati ileile inayoyapa majina mawe madogo. Taratibu ni mbili tofauti. Kitu kipya kinasubiri jina, lakini kamati ipi ilipe? Hawawezi kujibu bila kusema kwanza sayari ni nini, na kwa maelfu ya miaka ya kutazama anga hakuna aliyewahi kuliandika hilo rasmi. Faili ilikwama kwenye droo mpaka Agosti 2006. Baadaye kitu hicho kiliitwa Eris, mungu wa kike wa ugomvi wa Wagiriki. Waliochagua jina walijua wanachofanya.

Prague, rasimu ya kwanza ilikuwa ya upole. Ilisema: kitu kinachozunguka nyota, ambacho si nyota wala mwezi, chenye mvutano wa kutosha kukifanya kiwe karibu duara, ni sayari. Kanuni hiyo ilitoa kumi na mbili siku hiyohiyo: nane, na Pluto, na Ceres iliyorudi kutoka uhamishoni, na Charon, ambayo rasimu iliihesabu kuwa pacha wa Pluto badala ya mwezi wake, na Eris. Orodha ya wengine wanaosubiri kupimwa ilikuwa ndefu. Wanaochunguza mwendo wa miili ya angani waliipinga vikali, wakabishana kwa zaidi ya wiki.

Tarehe 24 Agosti ilipita ile tunayoijua. Sayari ya mfumo wa Jua ni mwili unaolizunguka Jua. Wenye masi ya kutosha mvutano wake ushinde ugumu wa mawe yake hadi uwe karibu duara. Na uliosafisha eneo la njia yake. Unaotimiza masharti mawili ya kwanza ukakosa la tatu, na ambao si mwezi, ni sayari kibete. Azimio lililoiweka Pluto katika kundi hilo lilipata kura 237 dhidi ya 157, na 17 hawakuegemea upande. Waliokuwa ukumbini walikuwa mia nne na kitu. Umoja mzima ulikuwa na wanachama karibu 9,000. Hapo kocha anasema kweli, na wapo wanaastronomia waliolalamika vivyo hivyo.

Ila angalia kilichopigiwa kura. Hakuna aliyeinua kadi kusema Pluto ina masi kiasi gani, wala inazunguka kwa miaka mingapi. Hayo yalipimwa. Kilichoamuliwa ni faili iwekwe kwenye kabati lipi, na mambo ya makabati watu wote duniani huyaamua kwa kuinua mikono. Kocha akitaka kuipinga kura, alete kabati lake.

Sharti la tatu

Hoja yake ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, kwa sababu azimio lenyewe halikusema njia iwe safi kiasi gani. Limeacha shimo. Mshtarii kweli ina asteroidi zaidi ya elfu kumi zinazojulikana zikisafiri nayo, kundi moja mbele na moja nyuma. Dunia nayo hukatizwa na mawe kila mara. Ukisoma neno "safi" kama mwenye nyumba anavyolisoma, hakuna sayari hata moja.

Kusafisha hapa ni kutawala. Waliowahi kusubiri teksi-basi kwenye kituo kikuu watanielewa haraka: lipo gari moja kubwa ambalo likija, vijigari vyote hujipanga kwa saa zake, na kisichojipanga hugongwa au hufukuzwa. Vipo vinavyobaki kituoni, lakini vinabaki kwa ratiba ya mkubwa. Zile asteroidi za Mshtarii zimekaa pale mvutano wa Mshtarii na wa Jua ulipozishikilia. Na sasa itazame Pluto. Inalizunguka Jua kwa miaka 248, Neptuni kwa karibu 165. Zidisha: mizunguko miwili ya Pluto ni sawa na mitatu ya Neptuni. Kati ya 1979 na 1999 Pluto ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni, njia zao zinapishana kwa namna hiyo, na bado hazigongani kwa sababu ratiba hiyo ya mbili kwa tatu inaziweka mbali. Mwenye ratiba ni Neptuni.

Je, inapimika? Ndiyo. Mwaka 2006 Steven Soter alipendekeza hesabu rahisi: chukua masi ya mwili, igawe kwa jumla ya masi ya vitu vingine vyote vinavyoshiriki eneo la njia yake. Dunia inapata karibu 1,700,000. Neptuni, pamoja na Pluto kuwa jirani yake, inapata karibu 24,000. Ceres inapata 0.33. Pluto, 0.07. Katikati ya makundi hayo mawili hakuna kitu. Kama ungepewa namba hizo bila majina, ungechora mstari mahali palepale. Mwaka 2015 Jean-Luc Margot alileta kipimo kingine kinachohitaji tu masi ya nyota, masi ya mwili na muda wa mzunguko, na matokeo kwa mfumo wetu hayakubadilika: nane huku, wengine kule.

Kwa hiyo maandishi ya azimio ni mabovu kuliko wazo lililo ndani yake. Hilo nilimpa kocha bila kubisha. Lipo na pingamizi jingine ambalo yeye hakulileta, ningeliheshimu zaidi: kadiri mwili unavyokuwa mbali na Jua ndivyo unavyohitaji masi kubwa zaidi ili utawale njia yake. Yaani vitu viwili vinavyofanana kila kitu vinaweza kupata majina tofauti kwa sababu ya mahali vilipo. Alan Stern, kiongozi wa safari ya chombo cha New Horizons kwenda Pluto, amelisema hilo kwa miaka mingi na kwa hasira. Mimi sioni ubaya wake, kwa kuwa mwezi nao ni mwezi kwa sababu ya mahali ulipo. Lakini naelewa kwa nini linawakera wengine.

Barua ya mwanajiolojia

Hao wengine wengi wao ni watu wa mawe, na ndiyo maana barua ya mjumbe wetu haikuwa ya mtu asiyejua. Katika mji huu uliojengwa juu ya shaba, mtu anayeangalia dunia kwa kuuliza "ndani yake mna nini, kimepikwaje" si wa kupuuzwa. New Horizons ilipoipita Pluto tarehe 14 Julai 2015 ilituma picha za milima ya barafu ya maji, migumu kama mwamba kwa baridi ile, na tambarare pana ya barafu ya nitrojeni inayojigeuza polepole kutoka chini kwenda juu. Mwanajiolojia akiona hivyo hamuulizi mtu ruhusa.

Mwaka 2017 kikundi cha watafiti, Stern akiwemo, waliiandika fikra hiyo kuwa kanuni: sayari ni mwili usiofikia kuwa nyota, wenye mvutano wa kutosha kuufanya duara, haijalishi unazunguka nini. Ni kanuni nzuri kwa kazi yao. Ganymede, mwezi wa Mshtarii, una kipenyo cha kilomita 5,268, na Titan wa Zohali 5,150. Utaridi ni 4,880 tu. Anayechunguza jinsi mwili unavyopoa au unavyotapika lava ana sababu ya kuwaweka watatu hao darasa moja.

Lakini ihesabu. Nilimpigia simu, tukahesabu pamoja.

"Papa, Titan?"
"Sayari."
"Ceres?"
"Sayari."
"Na huu Mwezi wetu?"
Akanyamaza kidogo. "Na Mwezi."

Kwa kanuni yake, mfumo wa Jua una sayari zaidi ya mia. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kabla yangu kwamba basi kadi imekosea, na imekosea karibu sawa na walivyokosea Katuba. Nilimshukuru kwa hilo. Si wajumbe wote wa juri wangelisema.

Ipo njia moja ya kuiokoa tisa, nami niliijaribu ili nisiseme sikuitafuta. Sema sayari ni kila kinacholizunguka Jua chenye ukubwa wa Pluto au zaidi. Leo hiyo inatoa tisa, kwa kuponea chupuchupu: Pluto ina kipenyo cha kilomita kama 2,377 na Eris 2,326. Kilomita hamsini, kutoka hapa mtu hafiki hata mpakani Kasumbalesa. Tena kwa masi Eris ndiyo kubwa, inaizidi Pluto kwa zaidi ya robo. Na vipimo vya 2006 vilionyesha Eris ikiipita Pluto hata kwa kipenyo, kwa hiyo mwaka ule kanuni hiyo ingetoa kumi. Kanuni inayotegemea kilomita hamsini za barafu imeandikwa baada ya jibu. Sikuihesabu.

Kadi isiyotaja Jua

Hoja ya tatu ya kocha ndiyo iliyoniburudisha. Kadi haikutaja Jua, kweli. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari inayozunguka nyota ya 51 Pegasi, na mwaka 2019 wakapata Nobel. Kufikia Septemba 2025 zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu zilipita 6,000. Mojawapo ina jina ambalo msomaji wa Kiswahili hatalisahau: nyota yake inaitwa Mpingo, na sayari yenyewe Tanzanite, majina yaliyochaguliwa Tanzania katika kampeni ya umoja uleule mwaka 2019.

Sasa, Tanzanite hailizunguki Jua. Kwa azimio la Prague neno kwa neno, si sayari! Azimio lilijifunga makusudi kwenye mfumo wetu, na za nje zina kanuni yake ya kazi: masi isizidi kama mara 13 ya Mshtarii, kwa kuwa juu ya hapo deuteri, aina nzito ya hidrojeni, huanza kuungua ndani yake na mwili unaelekea kwenye ukoo wa nyota. Mwaka 2018 likaongezwa sharti kwamba mwili uwe chini ya sehemu moja ya 25 ya masi ya kile unachokizunguka. Daftari la sayari za nje la NASA linakwenda mpaka masi 30 za Mshtarii. Kwa maneno mengine hata ile elfu sita inategemea ni nani anayeshika daftari.

Kwa hiyo nilikubali: kadi ni mbovu. Lakini ubovu wa kadi hauwapi Kampemba pointi. Waliosema tisa walikuwa wanazungumzia Jua kama waliosema nane, na aliyeandika kadi pia. Ndani ya maana hiyo ambayo ukumbi mzima uliielewa, jibu moja lina kanuni nyuma yake na jingine halina. Na kapiteni wa Katuba aliitaja kanuni, kwa mwaka wake, kabla hajanyamazishwa.

Walichoamua

Nilipendekeza pointi zirudi Katuba. Waandaaji hawakufika huko. Kanuni za mashindano zinasema uamuzi wa juri ukumbini hauguswi, na wazazi wa Kampemba walikwisha kupiga picha na kombe. Wakachagua njia ya katikati: swali lifutwe, timu zikutane tena kwa swali moja la kukata mzizi. Likaulizwa la kemia, fomula ya malakiti, madini ya shaba. Kampemba wakajibu sawasawa, Cu₂CO₃(OH)₂, pamoja na mabano yake, na kombe likabaki pale lilipokuwa.

Mwalimu wa Katuba alinipigia usiku ule. "Mwalimu, hii ni haki ya nusu." Nakubaliana naye. Ukifuta swali ambalo mmoja amelijibu vizuri, umemnyang'anya kwa adabu. Uamuzi ule ulikuwa dhaifu, na niliwaambia hivyo kwa maandishi. Wangeweza kugawa kombe; wangeweza angalau kumwita yule msichana mbele na mwenyekiti afute kile kicheko kwenye mikro ileile. Hilo la pili lisingewagharimu hata franka moja.

Walichokubali bila kusukumwa ni kubadilisha kadi. Swali jipya linauliza: "Kwa kanuni ya 2006, Pluto inakosa sharti gani?" Mwanajiolojia alidai liwepo na lake, "Kwa nini mwanajiolojia anaweza kuiita Titan sayari?", akalipata. Alitaka pia tujue la kufanya siku ile sayari ya tisa ikipatikana kweli, maana Januari 2016 Konstantin Batygin na Mike Brown, huyohuyo wa Eris, walitoa hesabu zinazodokeza mwili wenye masi mara kadhaa ya Dunia mbali sana nyuma ya Neptuni. Haujaonekana. Ukionekana, utapimwa kwa masharti matatu kama wengine, na wakati huo tisa inaweza kuwa sahihi bila Pluto kuhusika. Ndiyo maana sasa kila kadi ya sayansi yenye namba inaandikwa pembeni mwaka na kanuni iliyotumika. Ile ya kartoni ya farde waliniambia niitupe. Nimeibandika kwenye daftari la masomo, nafundishia.